Ndoa Isiyo na Cheti, Nyumba ya Chamazi na Watoto Watatu: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki ni cha mfano. Hakuna mtu mmoja aliyeyapitia yote haya kwa mpangilio huu, ila kila kipande chake hufika kwenye meza za msaada wa kisheria za Temeke, Kinondoni na Ilala, na mikoani vilevile. Kinachochambuliwa hapa ni mpangilio: lipi lianze, lipi lingoje, na nani alishike faili zima. Mashauri mengi ya familia huharibika kabla hayajafika mahakamani. Mara nyingi sheria haina kasoro. Tatizo ni kwamba mama mmoja amepewa ushauri sahihi na ofisi nne zisizozungumza zenyewe kwa zenyewe.

Namba za vifungu zinazotajwa ni za Toleo la 2019 la sheria. Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 2025, kwa hiyo anayeandaa hati ya kupeleka mahakamani alinganishe namba kwanza.

Mambo yalivyo

Mama wa miaka 33 ameishi na mwanamume mmoja tangu 2015, kwanza Mbagala katika chumba cha kupanga, kisha Chamazi. Barua ya posa ilipelekwa, sehemu ya mahari ikatolewa, ndoa yenyewe haikufungwa. Kila ikiulizwa, jibu lilikuwa "tumalize nyumba kwanza". Wana watoto watatu: mvulana wa miaka 8 aliye darasa la pili, msichana wa miaka 5, na mdogo wa miaka 2.

Kiwanja cha Chamazi kilinunuliwa 2017. Hakijapimwa. Karatasi ya mauziano ina muhuri wa serikali ya mtaa na jina la mwanamume peke yake. Nyumba ilijengwa kidogo kidogo, wakahamia 2020 kabla ya kupiga lipu. Mama hukaanga vitumbua asubuhi na samaki jioni. Baba ana duka dogo la vipuri na pikipiki mbili anazowapa vijana kwa hesabu.

Mwanzoni mwa 2024 ugomvi ukazidi. Siku moja alimpiga, akampasua juu ya jicho, akamfungia nje. Mama akaenda kwa dada yake Mbagala Rangi Tatu na watoto wawili wadogo. Siku chache baadaye mvulana akapelekwa kwa bibi yake Ikwiriri, wilayani Rufiji, bila uhamisho wa shule. Wiki iliyofuata jirani akapiga simu: kuna dalali anaonyesha watu nyumba.

Majibu aliyoyapata

Mwenyekiti wa mtaa alimwambia arudi wakayamalize kifamilia. Kituo cha polisi kilimpa namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na kumwambia alete mashahidi. Ofisi ya ustawi wa jamii ilimwandikia baba barua ya wito kuhusu matunzo, hakuja, ikaandikwa nyingine. Mtu mmoja aliyejitambulisha kama mjuzi wa sheria alimtoza fedha na kumwandalia madai ya kiwanja ili ayapeleke Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ukiondoa la mwenyekiti na la huyo mjuzi, hakuna aliyekosea sana katika eneo lake. Lakini hakuna aliyeuliza swali la pili. Polisi hawakuuliza watoto wamelala wapi. Ustawi hawakuuliza kama kuna jeraha linalopona huku ushahidi unapotea. Na hilo la Baraza la Ardhi lingemgharimu zaidi ya yote. Mgogoro kati ya watu walioishi kama mke na mume kuhusu mali waliyochuma pamoja ni shauri la ndoa, na unakwenda mahakama yenye mamlaka ya ndoa. Akienda barazani angepoteza miezi, kisha aambiwe amekosea mlango.

Wakazi wa Dar es Salaam wana nafuu ambayo wengi hawaifahamu. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke, kilichoanza kazi 2021, kimetengewa mirathi na mashauri ya familia, na ngazi mbalimbali za mahakama ziko ndani ya jengo moja. Hilo hupunguza nauli na kuzungushwa. Hata hivyo jengo moja halifanyi faili moja. Lazima awepo mtu, wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, anayejua hatua zote na tarehe zote.

Msaidizi wa kisheria naye ana mipaka. Anaelimisha, anasaidia kupata nyaraka, anamwelekeza mteja kwenye chombo sahihi. Hasimami mahakamani kama wakili, na haruhusiwi kumtoza mteja. Huyo aliyechukua fedha za mama huyu aliangukia kwenye swali hilo la kwanza kabisa: umesajiliwa wapi, na kitambulisho chako kiko wapi?

Siku mbili za kwanza: jeraha na usalama

Jambo la kwanza si talaka wala nyumba. Ni jeraha, kwa sababu linapona.

Mama alirudishwa polisi, safari hii kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, akiwa na namba yake ya RB. Akapewa fomu ya PF3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, akaenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari hujaza alichokiona: ukubwa wa jeraha, mahali lilipo, kitu gani kinaweza kuwa kimelisababisha. Fomu hurudi polisi. Kabla haijarudi, itolewe nakala ibaki kwenye faili la mteja. Mafaili ya polisi hupotea, na bila PF3 shauri la kudhuru mwili chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu hudhoofika sana. Picha za simu zisaidie, zisichukue nafasi ya PF3. Zibaki kwenye simu iliyozipiga, kwa sababu tarehe na chanzo chake vitaulizwa.

Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, yaani chumba cha hospitali ambamo polisi, daktari na afisa ustawi hupatikana pamoja, ni bora kuanzia hapo. Mtu aliyepigwa anasimulia mara moja badala ya mara tatu, na maelezo yake hayatofautiani kati ya ofisi na ofisi. Wakili wa upande wa pili hupenda sana tofauti hizo ndogo.

Usuluhishi unahitaji tahadhari hapa. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwenzi hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kosa la jinai halimalizwi kwa kuku na soda nyumbani kwa mjumbe. Mama akishaandikishwa karatasi ya "tumesameheana" kwenye ofisi ya mtaa, karatasi hiyo itatokea tena mahakamani, na si kwa faida yake.

Watoto hawasubiri ndoa

Kosa linalojirudia kuliko yote katika visa vya aina hii ni kumwambia mama: nenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwanza, ukipata hati kwamba usuluhishi umeshindikana ndipo udai matunzo. Si kweli. Hati ya Baraza inatakiwa kwa shauri la talaka. Matunzo na malezi ya mtoto yako chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, yanakwenda Mahakama ya Watoto, na hayaulizi kama wazazi walioana. Mtoto wa miaka 2 hawezi kungojea wazee watano wa kata wapate akidi.

Sheria hiyo ya 2009 ndiyo iliyofuta ile ya zamani ya matunzo ya watoto wa nje ya ndoa, iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Bado wapo akina baba wanaoikumbuka hiyo mia na kuitaja kwa kujiamini.

Ombi la matunzo linaweza kuletwa na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi, au mtoto mwenyewe kupitia mtu anayemwakilisha. Kwa kuwa baba alipuuza barua mbili za ustawi, barua hizo hazikutupwa. Nakala zake pamoja na daftari la kupokelea barua zikawa ushahidi kwamba aliitwa akakataa. Afisa ustawi akiandika barua ya tatu bila kuweka kumbukumbu ya mbili za kwanza, anamsaidia baba kununua muda.

Kinachofuata ni kuthibitisha kwamba baba ni baba. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Mtoto kinakubali, pamoja na mengine, jina la mzazi kwenye daftari la vizazi, mzazi kumtambua mtoto hadharani, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, kukataa kupimwa, na majibu ya vinasaba. Watoto wawili wakubwa wana vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba. Mdogo ana tangazo la kizazi la hospitali tu, na siku 90 za usajili wa kawaida zimepita zamani. Mama alielekezwa ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, akiwa na tangazo, kadi ya kliniki yenye jina la baba, na barua ya utambulisho ya mtaa. Hatua hiyo inaonekana ndogo, lakini wakati wa kusikilizwa baba akimkana mmoja wa watatu, kwa kawaida humkana yule asiye na cheti.

Angemkana, kipimo cha vinasaba kingefanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi ya mamlaka au mtaalamu anayetambuliwa na sheria, mfano mahakama, afisa ustawi au wakili. Mtu binafsi haendi na mtoto mgongoni akasema anataka kupima. Na mshauri asikimbilie kipimo. Palipo na cheti chenye jina la baba na miaka tisa ya kuishi pamoja, kipimo ni gharama na mwezi mwingine wa kungoja.

Kiasi cha matunzo kinavyopatikana

Maombi mengi huandikwa "mdaiwa atoe matunzo ya kutosha". Hakimu hawezi kuandika amri kwa neno "ya kutosha". Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka aangalie kipato na mali ya wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyo nayo, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto. Basi apewe hizo gharama kwa mstari.

Kwa watoto watatu wa kisa hiki hesabu ilikaa hivi: chakula shilingi 6,000 kwa siku, yaani 180,000 kwa mwezi; kodi ya vyumba viwili 80,000; matibabu 20,000; shule 30,000; sabuni, mafuta na nguo 30,000. Jumla 340,000. Elimu ya msingi ya serikali haina ada tangu Januari 2016, lakini sare, daftari, viatu, na michango ya uji na chakula vipo. Asipoiweka kwenye hesabu, upande wa pili utasema "shule ni bure" na hakuna atakayebisha.

Kipato cha mama kiliandikwa bila kuficha: faida ya vitumbua na samaki, wastani wa 150,000 kwa mwezi. Baadhi ya washauri humwambia mteja aseme hana kitu. Ni ushauri mbaya. Sheria inaangalia wazazi wote wawili, na mama akikamatwa kwa uongo huo mdogo, hata ukweli wake mkubwa unatiliwa shaka.

Kipato cha baba ndicho kigumu. Hana mshahara, hana hati ya malipo, na alipofika mbele ya hakimu alisema biashara imekufa. Hapa hesabu ya pikipiki inasaidia. Kila kijana humletea 8,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Pikipiki mbili ni 416,000, duka halijaguswa. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kugombana na bosi wake, akakubali kuja kusema. Asingekuja, yangetafutwa majina ya pikipiki kwenye usajili, picha ya duka likiwa wazi, na ujumbe wa simu ambamo hesabu zimetajwa.

Pia kuna taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Chini ya kifungu cha 45, mahakama huomba taarifa ya afisa ustawi kabla ya kutoa amri ya matunzo. Afisa huenda nyumbani kwa kila mzazi, huongea na majirani, shule na watoto. Wateja huichukulia kama utaratibu tu, kumbe hakimu huisoma kwa makini kuliko hotuba zozote. Mama aliambiwa mapema: usipange nyumba ya maonyesho, usimfundishe mtoto maneno. Afisa mzoefu hulisikia neno la mtu mzima kinywani mwa mtoto wa miaka mitano kabla sentensi haijaisha.

Upande wa mama uliomba shilingi 220,000 kwa mwezi, pamoja na sare na matibabu makubwa kugawanywa nusu kwa nusu. Kwa amri ya muda wakaanza na 180,000. Lililo na uzito kuliko tofauti hiyo ni namna amri ilivyoandikwa: tarehe 5 ya kila mwezi, kwa simu, kwenye namba moja inayotajwa, na muamala wenyewe ndio risiti. Mkataba uliokuwa umependekezwa mwanzoni ustawi ulisema baba "atatoa kadiri ya uwezo wake". Sentensi hiyo haidaiki. Hata ikisainiwa mbele ya watu kumi, siku ya kudai hakuna kiasi, hakuna tarehe, hakuna cha kukaza, yaani cha kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama.

Mvulana aliye Ikwiriri

Kulikuwa na ushawishi wa kumtuma mjomba akamchukue mtoto usiku. Lisifanyike. Litageuka shauri lingine, safari hii mama akiwa mlalamikiwa.

Afisa ustawi wa Temeke aliwasiliana na mwenzake wa Rufiji, akamwomba amtembelee mtoto, aandike anaishi vipi, anasoma wapi au hasomi, na mtoto mwenyewe anasemaje. Ikabainika hajaandikishwa shule yoyote, kwa sababu hakuwa na uhamisho. Kwa shauri la malezi hilo lina uzito kuliko malumbano ya nani anampenda zaidi. Mwalimu mkuu wa Chamazi alitoa barua inayoonyesha siku ya mwisho mtoto kufika darasani.

Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, inaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, dhana inayoweza kupingwa. Kwa wadogo wawili, hilo linamsaidia mama moja kwa moja. Mvulana wa miaka 8 amekwisha kuvuka umri huo. Kwake hoja ni ustawi wake: shule, ndugu zake, mazoea, na matakwa yake mwenyewe kama ana umri wa kuyaeleza. Mshauri anayemwambia mama "watoto wote ni wako kwa sheria" anamwandalia mshtuko. Na si sahihi kuomba baba anyimwe kuwaona watoto kwa sababu ya hasira. Baba aliyempiga mama akiwekewa utaratibu wa kuwaona mchana, mahali pa wazi, kukabidhiana kukifanyika kwa dada au ofisi ya ustawi, huwa hakimu hana sababu ya kuukataa. Akinyimwa kabisa, na yeye huona hana sababu ya kulipa. Kisheria mambo hayo mawili hayategemeani. Kwa binadamu yanategemeana.

Ndoa isiyo na cheti

Sasa ndoa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike kama mke na mume, itakuwapo dhana kwamba wameoana, dhana inayoweza kukanushwa kwa ushahidi. Watu huishia kwenye "miaka miwili", kana kwamba kalenda peke yake inaoa. Mzigo uko kwenye neno la kutambulika. Wangapi waliwajua kama mke na mume?

Ushahidi ulikusanywa kwa mtindo wa mtaa: barua ya posa na ndugu aliyeipokea mahari, jirani wa Mbagala na jirani wa Chamazi, mjumbe wa shina aliyewaandika kwenye daftari lake kama kaya moja, kadi za kliniki, fomu ya shule ambayo baba mwenyewe aliandika "mke" kwenye sehemu ya mawasiliano. Mashahidi watatu wanaosema mambo tofauti wanayoyajua wenyewe ni bora kuliko kumi waliokariri sentensi moja.

Kisha likaja lile lililotarajiwa. Baba alisema ana mke wa ndoa kwao. Mshauri asishtuke, aulize: ndoa ya aina gani, ya lini, na cheti kiko wapi? Ikiwa ni ndoa ya kanisani au ya serikali yenye mke mmoja na bado ipo, mwanamume huyo hana uwezo wa kuoa mwingine, na dhana ya ndoa na mama huyu haisimami. Ikiwa ni ndoa ya Kiislamu, ambayo kwa asili yake inaruhusu mke zaidi ya mmoja, ndoa hiyo peke yake haiui dhana. Na ikiwa ni maneno tu, bila cheti wala shahidi, yabaki maneno.

Kwa sababu hiyo hati ya madai isijengwe juu ya mguu mmoja. Ombi la kwanza: mahakama itamke kuwa dhana ya ndoa ipo, itoe nafuu zinazofuata. Ombi mbadala: ikionekana hawakuwa wameoana, mahakama itumie kifungu kidogo cha pili cha 160, kinachompa mwanamke aliyeishi katika hali hiyo nafasi ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine ambazo mke angepata. Hati nyingi huacha ombi hilo la pili. Dhana ikianguka, mama hutoka mikono mitupu ilhali sheria ilikuwa imemwachia mlango.

Hati ya Baraza

Je, ndoa ya dhana inahitaji kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa? Mawakili hubishana. Jibu la vitendo ni kwamba apite. Gharama yake ni ndogo, na pingamizi la kukosa hati huweza kuliua shauri zima kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa.

Baraza lenye mamlaka ni la kata anakoishi mume, au la jumuiya ya dini yao ikiwa wote wawili ni wa jumuiya hiyo na ina baraza lake. Mama alitaka kwenda la Mbagala alikohamia. Mume yuko Chamazi, basi ni la Chamazi. Lazima kuwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Hati itolewe kwenye Fomu namba 3, si barua ya kichwa cha ofisi ya kata inayosema "tumeshindwa, tunaomba msaada wenu". Kikao cha ukoo si Baraza, hata wawepo masheikh watatu na mchungaji.

Baba hakuitikia wito. Hilo halikumzuia mama. Kifungu cha 101 kinatambua mwenzi aliyekataa kwa makusudi kufika mbele ya Baraza. Baraza liandike tarehe za wito na jinsi ulivyomfikia, kisha litoe hati. Tarehe ya hati izingatiwe: isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Mtu akipata hati Februari, akachangisha nauli na ada hadi Oktoba, anarudi Barazani kuanza upya.

Dalali yuko mlangoni

Nyumba ilishughulikiwa wiki ileile ya PF3, ingawa imeandikwa mwisho hapa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwenzi kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa yule mwingine maslahi yanayoweza kulindwa. Kwa kiwanja chenye hati, zuio huwekwa kwa Msajili wa Hati. Cha Chamazi hakina hati. Pale ulinzi uko kwenye muhuri wa serikali ya mtaa, kwa sababu mnunuzi yeyote mwenye akili ataenda kuutafuta.

Barua ya ukurasa mmoja ikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa Mtendaji wa Kata. Ilieleza kuwa nyumba ina mgogoro wa kifamilia unaokwenda mahakamani, ikaomba mauziano yasishuhudiwe, ikapokelewa kwa muhuri na tarehe kwenye nakala ya mama. Dalali naye alipelekewa nakala. Madalali hawaogopi sheria sana, lakini hawapendi kiwanja ambacho mnunuzi atawarudia. Baada ya hapo ndipo maombi ya zuio la muda yakafuata mahakamani pamoja na hati ya kiapo. Zuio huombwa kwa haraka, na hakimu huuliza kwa nini ni haraka: barua ya jirani aliyeona wanunuzi, pamoja na namba ya simu ya dalali kwenye bango, vilitosha.

Kwenye mgawanyo, kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi, madeni ya pamoja, mahitaji ya watoto, na mila. Shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983 ndilo lililofungua njia: Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Hutajwa kila mahali. Kisichotajwa ni kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufanikiwa, kwa kuwa mahakama iliona alishatapanya fedha alizopewa na mumewe. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa kutamka jina la shauri hilo kunampa nusu ya nyumba. Hakuna nusu kwa nusu iliyoandikwa. Kuna mchango, na mchango unathibitishwa.

Mama huyu alikuwa na zaidi ya alivyojua. Daftari la kikoba lilionyesha mikopo miwili ya 2018 na 2019, na fundi aliyezungusha lenta alikumbuka kulipwa kwa simu yake. Taarifa ya miamala ya simu iliombwa kwa kampuni husika, ikaonyesha malipo ya saruji na mabati. Ujumbe wa tokeni za umeme wa LUKU kwenye simu yake ulianza siku walipohamia. Risiti nyingine zilibaki ndani ya kabati la Chamazi, na hakuambiwa avunje kufuli kuzichukua. Ziliorodheshwa kwenye kiapo ili mdaiwa aulizwe kuhusu hizo mahakamani.

Mafaili matatu, kalenda moja

Mwishoni mwa mwezi wa tatu tangu kazi ianze hali ilikuwa hivi: shauri la jinai liko polisi na waendesha mashtaka, maombi ya watoto yana amri ya muda, na mvulana amerudishwa shule ya Chamazi akiishi na mama, shauri la ndoa na mali limefunguliwa na nyumba ina zuio. Yote yanaandikwa kwenye kalenda moja, kwa sababu maneno ya moja huingia kwenye jingine. Maelezo aliyotoa polisi kuhusu siku aliyofukuzwa lazima yalingane na tarehe ya kutengana kwenye madai ya ndoa.

Baba akikosa malipo ya tarehe 5, asingojewe miezi sita ndipo adaiwe kwa mkupuo. Maombi ya kukaza amri yapelekwe mapema, yakiambatanishwa na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha mwezi uliokosekana. Kwa mtu asiye na mshahara, pikipiki ndiyo inayoshikika, na mara nyingi deni hulipwa siku dalali wa mahakama anapofika kijiweni. Hali ikibadilika, kwa mfano duka limeungua au mtoto amepata maradhi ya kudumu, kila upande unaweza kuomba kiasi kirekebishwe. Baba hapunguzi mwenyewe, mama haongezi mwenyewe.

Uamuzi wa shauri la ndoa ukitoka katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi na upande mmoja usiporidhika, rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, na hati yake huwasilishwa katika mahakama ileile iliyoamua. Nakala ya hukumu na mwenendo iombwe kwa barua siku ya hukumu yenyewe, barua igongwe muhuri, na nakala yake iingie kwenye faili.